Operesheni ya kujifungua ya kupangwa, Moshi: sindano ya mgongo niliiogopa bure, kilichonitesa ni ganzi ilipoisha

#1 mama_wa_pasua (mwanzisha uzi)

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo nimelazimika kufungua uzi. Kuna mwenzangu tulikuwa tunakaa naye benchi moja kliniki, kanipigia jana analia. Kapangiwa operesheni wiki ijayo, kaambiwa atachomwa sindano ya mgongo, na wifi yake kamjaza maneno: utapooza, hutainama tena kufagia, mvua ikianza kunyesha Kibosho mgongo wako utaisikia ukiwa Pasua. Nimeongea naye mpaka salio likakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, nitamtumia linki.

Nina watoto wawili, wote kwa kisu.

Wa kwanza nilimpatia Arusha na ilikuwa dharura. Leba usiku kucha, alfajiri mapigo ya mtoto yakashuka, nikakimbizwa thieta na nusu kaputi juu. Ninachokumbuka ni taa kubwa ya duara na barakoa usoni, basi. Nafumbua macho koo linawasha, mdomo mkavu kama nimekula majivu, naambiwa hongera, wa kiume. Yuko wapi? Yuko kwa bibi yake. Watu wanne walikuwa wameshambeba kabla yangu. Sina kinyongo, maana dakika zile waliokoa watu wawili. Ila kukabidhiwa mwanao kama mzigo uliotumwa na Coaster ya Arusha, "ni wako huu?", sijawahi kuizoea ile picha.

Wa pili ni mwaka jana mwezi wa 7, ule wa kibaridi, mlima umejifunika wiki nzima. Nilikuwa na kovu la kwanza na mtoto katanguliza matako, daktari akasema tusibahatishe, tupange wiki ya 39. Hospitali sitaitaja kwa sababu nina la kuilalamikia mbele huko.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe akaja kijana wa usingizi, yule anayetoa ganzi na nusu kaputi, mpaka kitandani. Sikujua kama huwa wanakuja. Akaniuliza: una pumu? Dawa gani inakudhuru? Ukijikata damu huchelewa kukata? Ile nusu kaputi ya kwanza ulitapika? Akaniambia nifungue mdomo, akaangalia meno, akanipapasa mgongo kwa kidole kimoja akihesabu pingili kama mtu anayehesabu shanga. Nikajikaza nikamuuliza, hiyo ndiyo epidurali wanayoizungumzia watu mitandaoni? Akacheka. "Hapana dada, hiyo ni ndugu yake. Wewe kesho ni spaino." Chakula mwisho saa 6 usiku, maji matupu mwisho saa 12 asubuhi, zamu yangu saa 3.

Thieta ni baridi, vaeni soksi kama wanaruhusu. Dripu kwanza. Kisha nikakaa pembeni ya kitanda, miguu inaning'inia, nimekumbatia mto, nesi kasimama mbele yangu kanishika mabega. Kijana yuko nyuma: "Dada, jikunje kama unapuliza moto wa mafiga." Mimi ni wa Kibosho, kupuliza mafiga najua. Nikajikunja. Spiriti mgongoni, baridi mpaka kwenye meno. Kisindano kidogo cha kwanza kikauma kama siafu, hicho ni cha kutia ganzi ngozi. Cha pili, kile kinachotisha watu, nilisikia kama mtu ananisukuma kwa kidole gumba. Nikawa nasubiri maumivu yaje. Akasema "tayari".

Tayari nini? Tayari, lala.

Joto likaanza makalioni, kama umekalia jiwe lililopigwa jua. Likashuka. Miguu ikawa mizito, magunia mawili ya mchanga. Akachukua pamba ya spiriti akanigusa begani: baridi? Ndiyo. Tumboni: baridi? Unanigusa kweli? Akapanda nayo mpaka usawa wa matiti, ndipo akamwambia daktari waendelee. Kuna wakati kichefuchefu kikanipanda ghafla, macho yakaanza kuona giza, nikasema "naenda". Kumbe presha imeshuka. Kitanda kilikuwa kimeshainamishwa kidogo kushoto, akasukuma dawa kwenye dripu, haikufika dakika mbili nikarudi.

Maumivu hayapo ila kuguswa unakusikia, msije mkadanganywa. Wanavuta, wanasukuma, kama mtu anatafuta funguo kwenye mkoba wako na hazioni. Halafu kitu kizito kikakandamiza juu ya tumbo, pumzi ikabana, na nikasikia mtoto analia. Nilimsikia mimi. Nesi akamleta shavuni kwangu bado ana utando mweupe kwenye nyusi. Sitaandika zaidi hapo.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hakuna aliyeniambia.

Saa 5 nikawa wodini, najisikia malkia. Mama yangu kaja na chupa ya mtori, shemeji zangu wamejaa, mimi napiga stori na kucheka. Saa 7 mchana nesi kapita: "Mama, unaendeleaje, kuna maumivu?" Nikajibu nilivyolelewa: "Sijambo kabisa, nashukuru." Akaandika, akaenda.

Sisi tumefundishwa kujibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua. Ile sijambo ilinigharimu. Saa 8 na nusu vidole vya miguu vikaanza kucheza, nikafurahi. Saa 9 kidonda kikaanza kuchomachoma. Saa 10 nilikuwa nimeuma shuka. Nikiita naambiwa subiri, zamu zinabadilishana. Aliyeingia zamu ya jioni akaniambia mbele ya wagonjwa wengine, "Kwani ulidhani umekuja pikiniki? Kuzaa kunauma." Sindano nimechomwa saa 1 usiku baada ya mama yangu kusimama mlangoni akakataa kuondoka. Na ikichomwa wakati maumivu yameshapanda, inayakimbiza polepole kama mzee anayefukuza mbuzi.

Mgongo? Palipochomwa palikuwa panauma ukipabonyeza kwa siku tatu. Leo mtoto ana miezi 10, nambeba mgongoni huo huo.

---

#2 chalii_wa_sakina

Aisee dada umenifikia mimi kabisa. Wife kapangiwa Alhamisi wiki ijayo hapa Arusha, mtoto wa pili, na wa kwanza alikuwa kisu pia. Usiku halali, na mimi silali. Naomba kuuliza wanaojua, bila kuzunguka: kuna mtu anapooza kweli? Maana sindano inaingia kwenye uti wa mgongo, hilo ndilo linanitoa jasho.

#3 bibi_marangu

Mimi nitasema ninaloliona. Nilichomwa hiyo sindano kwa mtoto wa mwisho, mgongo umeniuma miaka 9 sasa. Msiwadanganye watoto wa watu. Wataalamu wakishachoma hawaji nyumbani kukuangalia ukishindwa kunyanyua ndoo.

#4 mangi_bila_deni

Nimekaa hapa mbele na kahawa yangu nasubiri wajuzi.

#5 halali_kazini

Jina langu la humu lilianza kama utani wa kazini. Mimi ni mtu wa usingizi, nafanya kazi kanda hii, siyo hospitali ya dada mwanzisha uzi. Nitajibu kwa urefu maana maswali haya naulizwa kila wiki na muda wa kuyajibu vizuri pale thieta huwa haupo.

Kaka wa Sakina, uti wenyewe wa neva kwa mtu mzima unaishia juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Hapo hakuna uti tena. Kuna mfuko wa maji ambamo nyuzi za neva zinaelea kama tambi kwenye supu. Sindano nyembamba ikiingia, tambi zinasogea. Kudhuru neva moja kwa moja kunaweza kutokea, siwezi kukuambia haiwezekani, ila ni nadra sana, na nyingi ya hizo ni ganzi ya sehemu ya mguu inayoisha yenyewe. Kupooza kabisa huwa kunaletwa na damu kuvilia ndani au usaha kukandamiza neva. Ndiyo maana tunawauliza mambo ya damu kuganda, tunaangalia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa mama mwenye presha ya mimba, na hatuchomi kwenye ngozi yenye jipu. Akina mama wanaona maswali yale ni usumbufu. Yale maswali ndiyo kinga yenyewe.

Epidurali na spaino. Zote zinaingilia mgongoni ndiyo maana watu wanazichanganya. Spaino sindano inapita utando wa ule mfuko inaingia kwenye maji yenyewe, dawa ni kidogo, mililita 2 hadi 2.5 hivi ya dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini nzito, nusu kijiko cha chai. Inashika ndani ya dakika 5 hadi 10, inakufikisha saa moja na nusu mpaka mbili na zaidi, kisha inaachia. Ni mkupuo mmoja. Epidurali inabaki nje ya utando, sindano yake ni nene zaidi kwa sababu kupitia humo tunaingiza mrija mwembamba unaobaki mgongoni, dawa inaongezwa kila inapohitajika. Ila inachukua dakika 15, 20 au zaidi kushika, na kwa operesheni inataka mililita 15 hadi 20. Faida yake kubwa iko leba, mama anayesukumwa na uchungu saa nyingi. Kama mrija uko tayari na leba ikageuka operesheni, tunaongeza dawa humo humo. Kwa operesheni ya kupangwa, mama mzima, hajaanza leba, spaino ni ya haraka, inashika vizuri na dawa yake ni kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia "hospitali fulani hawana epidurali, hawafai", kwa operesheni ya kupangwa hajakutendea haki.

Na tuseme ukweli, epidurali ya leba inataka mtu wa kukaa na mama, kupima presha kila mara, usiku na mchana. Sehemu nyingi zetu mtu wa usingizi ni mmoja na thieta mbili zinamwita. Mrija bila mtu wa kuuangalia ni hatari kuliko uchungu wenyewe.

Bibi wa Marangu, shikamoo. Sikatai kwamba mgongo unauma, wewe ndiye unayeusikia. Nasema tu kwamba waliofuatilia akina mama kwa muda mrefu, waliochomwa mgongo na wasiochomwa, hawakukuta tofauti ya maumivu ya kudumu. Mimba yenyewe inalegeza viungo vya kiuno, halafu unakuja kuinama kunyonyesha, kubeba mtoto, ndoo, kuni. Palipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa. Miaka 9, bibi, naomba ukaonane na daktari wa mifupa, usiiachie sindano lawama ukakosa tiba ya kitu kingine.

#6 bibi_marangu

Marahaba mwanangu. Umenijibu kwa adabu. Nitaenda, lakini siyo kwamba nimekubali.

#7 mangi_bila_deni

Nilisema wajuzi watakuja. Niongeze cha historia kidogo maana uzi una maana leo. Mwaka 1879 mzungu mmoja mmisionari, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, Uganda ya sasa, akashuhudia wenyeji wanampasua mama na kumtoa mtoto. Ganzi yao? Pombe ya ndizi. Wakamnywesha mama, wakaoshea mikono yao na tumbo la mama kwa pombe hiyo hiyo, wakazima damu kwa chuma cha moto, kidonda wakakibana kwa misumari myembamba ya chuma na kukizungushia nyuzi za magome ya mti. Siku ya 11 jeraha limefunga, mama na mtoto wazima wakati anaondoka. Akaiandika Edinburgh mwaka 1884.

Kwa hiyo wachaga wenzangu, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa karibu kabisa kuingia thieta.

#8 halali_kazini

Hahaha, mangi. Basi na mimi nikupe ya kwetu. Sindano ya mgongo ilianzishwa na daktari Mjerumani, August Bier, mji wa Kiel, 1898, kwa kokeini. Baada ya kuitumia kwa wagonjwa wachache akataka aijaribu mwilini mwake, bomba likagoma kukaa kwenye sindano, maji ya uti yakamwagika. Msaidizi wake Hildebrandt akajitolea badala yake. Ikashika. Bier akampiga kwa nyundo ya chuma kwenye mfupa wa mguu, akamchoma kwa sigara nene, mwenzake hasikii kitu. Usiku wakasherehekea kwa mvinyo. Kesho yake Bier akaumwa kichwa siku 9, akikaa kinauma, akilala kinapoa. Mpaka leo hicho ndicho kichwa tunachowaonya akina mama.

#9 mama_junior_ngaramtoni

Hicho kichwa nakijua kwa jina. Mimi kilinianza siku ya pili. Siyo kichwa cha malaria, siyo cha njaa. Nikinyanyuka kitandani ni kama mtu amenifunga mkanda wa chuma kuanzia kisogoni, shingo imekaza, sauti ya mtoto kulia inanipasua. Nikilala chali dakika moja, kimya, kama hakikuwepo. Mama mkwe akadhani najidekeza ili nisioshe nepi. Nilirudi hospitali siku ya tatu, wakanipa panadol, maji mengi na wakaniambia ninywe kahawa. Nikasema kahawa tu? Kweli kahawa. Ilichukua siku sita kuisha.

#10 halali_kazini

Pole sana dada. Kile kitundu kwenye utando kinavujisha maji, ubongo unakosa mto wake, ndiyo maana ukisimama kichwa kinauma. Kahawa inabana mishipa, inasaidia wengine. Tukitumia sindano nyembamba yenye ncha ya penseli, inayotenganisha nyuzi badala ya kuzikata, kinapungua sana, ndiyo maana kuuliza "mnatumia sindano gani" siyo ujuaji. Kikigoma kabisa kuna njia ya kuchukua damu ya mama mwenyewe mkononi, kama mililita 15 hadi 20, na kuichoma pale nje ya utando izibe kitundu. Wengi wanasimama wamepona.

Ila hapa naomba wote msome mara mbili. Kichwa baada ya kujifungua siyo lazima kiwe cha sindano. Kama kinauma hata umelala, macho yanaona nyota au ukungu, uso umevimba, au tumbo la juu linauma, pima presha siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka. Usikae nyumbani ukinywa kahawa.

#11 mjasiri_haachi_asili

Wanawake wa siku hizi mmezidi kudeka. Sindano za mgongo, dawa za maumivu, ratiba ya dawa. Bibi zetu walizaa migombani wakarudi kulima jioni.

#12 bibi_marangu

Mjukuu wangu, mimi ndiye hao bibi zenu. Walizaa migombani, ndiyo. Na wengine walizikwa kwenye migomba hiyo hiyo na mtoto tumboni. Dada yangu ni mmoja wao. Usitusemee.

#13 mangi_bila_deni

Nimeweka kahawa chini.

#14 mama_junior_ngaramtoni

Shikamoo bibi. Asante.

Niulize na lingine nililolisikia kwa jirani yangu. Alichomwa spaino, wakamjaribu kwa pamba, kulia hasikii, kushoto anasikia mtu anamfinya. Alinyamaza kwanza, akaona aibu, madaktari wameshavaa glavu. Baadaye akasema. Wakasubiri, wakamgeuza, wakajaribu tena, bado. Ikabidi alazwe usingizi kabisa. Hiyo ni kosa la mtu?

#15 halali_kazini

Siyo lazima. Kuna nyakati dawa haisambai sawa, au haikuingia yote. Jirani yako angeendelea kunyamaza ndipo ingekuwa balaa. Pale thieta mama ndiye mwenye taarifa ambayo mashine haina. Ukisikia ncha, ukisikia makali, sema kwa sauti, hata kama wameshaanza. Kuna dawa za kuongeza kwenye mshipa, na nusu kaputi ipo. Hakuna anayekasirika, na akikasirika ni shida yake.

#16 chalii_wa_sakina

Mtaalamu ubarikiwe. Nimemsomea wife uzi wote jana jioni, Felkin amemchekesha mpaka nikaogopa. Swali la mwisho, hili la dada mwanzisha uzi la ganzi kuisha. Tufanye nini hasa? Maana hospitali nitakuwa nje ya geti.

#17 mama_wa_pasua

Kaka, mimi nikirudia tena ningefanya hivi. Ile jioni mtu wa usingizi anapokuja, muulize mbele ya mkeo: dawa ya kwanza ya maumivu baada ya thieta ni saa ngapi, na imeandikwa wapi? Na nesi akiuliza kuna maumivu saa ambayo bado kuna ganzi, asijibu sijambo. Ajibu: sasa hivi sisikii, dawa yangu ni saa ngapi? Ni sentensi moja tu, ila mimi nilikosa ya kusema.

#18 halali_kazini

Dada kaimaliza, mimi niweke majina tu. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, kwa saa, siyo kwa kuomba. Juu yake diklofenaki au ibuprofeni, hizi mama anayenyonyesha anatumia bila shida, ila kama ana vidonda vya tumbo, figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au alitokwa damu nyingi, aseme kwanza. Hizo mbili zikienda pamoja, kwa ratiba, kabla ganzi haijaachia, akina mama wengi hawahitaji dawa kali zaidi ya siku ya kwanza. Tramado na kodeini kwa anayenyonyesha tunaziepuka, zinaweza kumfikia mtoto zikampunguzia pumzi. Msimnunulie dukani kwa sababu shangazi alipewa.

Kuna sehemu wanachanganya mofini kidogo mno kwenye spaino yenyewe, mikrogramu 100 hivi, inakupa nafuu mpaka siku nzima. Bei yake ni muwasho, mama anajikuna pua na uso. Muulize kama ipo. Kama haipo, ratiba ya vidonge inatosha kuliko watu wanavyodhani.

Na lile jibu la pikiniki, dada, pole. Mimi nimelisikia likisemwa nikiwa nimesimama pale pale na sikusema kitu, nilikuwa mgeni kazini. Sijivunii.

#19 mjasiri_haachi_asili

Bibi, naomba radhi. Nilikuwa natania, lakini siyo vizuri.

#20 bibi_marangu

Nimekusamehe. Mpelekee mkeo mtori akijifungua, uupike wewe.

#21 chalii_wa_sakina

Wakuu, Alhamisi imefika. Niko nje, kibaridi cha Arusha hiki siyo cha utani. Kaingia saa 2 na nusu. Jana nimemuuliza mtu wa usingizi maswali yote mbele ya wife, kashangaa kidogo, kisha kachomoa kalamu akaandika saa kwenye faili mbele yetu.

#22 chalii_wa_sakina

Saa 3 na dakika 10, wa kike! Kilo 3 na gramu 200. Wanasema wife alimsikia akilia akauliza "huyo ni wangu?"

#23 mama_wa_pasua

Hongera baba! Mwambie shemeji nimelia hapa dukani wateja wananiangalia.

#24 mangi_bila_deni

Hongera sana chalii yangu. Mbege iko njiani, ya kunywa, siyo ya kuoshea.

#25 chalii_wa_sakina

Nimeruhusiwa kuingia saa ya kuona wagonjwa. Saa 6 na nusu. Nesi kapita akauliza unaendeleaje, wife akaanza "sija..." akajikamata, akamuuliza dawa yangu ni saa ngapi. Nesi kafungua faili: saa 7. Nimekaa pembeni ya kitanda naangalia miguu. Dakika hii kidole gumba cha kulia kimecheza. Naenda kumwita.